Bluetooth, Wi-Fi, UWB au LoRa: kumchagulia mhudumu wa vyumba kitufe cha dharura

Mhudumu wa vyumba ni miongoni mwa wafanyakazi wachache wa hoteli ambao kazi yao yote iko nyuma ya milango ya watu wasiowajua. Mpishi ana wenzake jikoni. Wa baa anaonekana na ukumbi mzima, na wa mapokezi ana kamera juu ya kichwa. Yeye yuko na toroli lake koridoni, vyumba kumi na kitu kwa zamu, na mara nyingine mgeni bado yumo ndani. Akishikwa kwa nguvu, akiteleza bafuni akavunjika nyonga, au akibanwa na pumu, mtu wa kumsaidia yuko ghorofa nyingine na hana habari.

Kitufe cha dharura kimetengenezwa kwa ajili ya saa hiyo. Anakibonyeza, na walinzi wanapata ujumbe wenye jina, ghorofa na namba ya chumba. Ugumu wote uko kwenye namba ya chumba. Kurusha ujumbe hewani ni kazi rahisi ambayo kifaa cha bei ndogo kinaiweza. Kujua kwamba ujumbe umetoka chumba 314, wala si 214 wala 316, ndiko kunakoitofautisha mifumo inayouzwa leo, na ndiko pesa ya hoteli inapopotea ikichaguliwa vibaya.

Madai ya vitufe hivi yalipata nguvu Marekani, na walioyasukuma ni wafanyakazi wenyewe. Mwaka 2012 chama cha wafanyakazi wa hoteli cha New York kilivifanya vitufe hivi kuwa sehemu ya mkataba wake na waajiri. Mwaka 2016 tawi la Chicago la UNITE HERE, chama kingine cha wafanyakazi wa hoteli, liliwahoji karibu wafanyakazi 500 wa hoteli na kasino. Kati ya wale wa hoteli, asilimia 58 walisema wamewahi kunyanyaswa kijinsia na mgeni. Oktoba 2017 baraza la jiji hilo likapitisha sheria ya vitufe, ikaanza kutumika Julai 2018. Septemba mwaka huo kampuni za hoteli za Hilton, Hyatt, IHG, Marriott na Wyndham ziliahidi kuwapa wafanyakazi wao wa Marekani vifaa vya usalama ifikapo 2020, na mwaka 2019 New Jersey ikapitisha sheria kama hiyo kwa jimbo zima, kwa hoteli za vyumba 100 na zaidi.

Baadhi ya majina hayo yana hoteli Dar es Salaam, Zanzibar na Nairobi, lakini ahadi ile ilikuwa ya Marekani. Huku kwetu mwajiri anabanwa na wajibu wa jumla: Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003, Kenya ina sheria yake ya 2007 ya usalama kazini, na Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka huo huo inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na sera ya kupinga unyanyasaji wa kingono. Mkataba namba 190 wa Shirika la Kazi Duniani, ulioanza kutumika Juni 2021, unataja pia ukatili unaohusisha watu wa nje ya ajira, na mgeni wa hoteli ni mmoja wao. Uganda na Rwanda ziliuridhia mwaka 2023. Kwa hiyo meneja au katibu wa tawi la CHODAWU au KUDHEIHA, vyama vya wafanyakazi wa hoteli vya Tanzania na Kenya, hahitaji kusubiri sheria ya vitufe ndipo aanze kuulizia bei. Anahitaji kujua anunue nini.

Mita zinapotosha

Karatasi za mauzo hujaa mita. Huyu anadai mita tatu, yule sentimita thelathini. Kwa ghala la mizigo vipimo hivyo vina maana. Kwa hoteli vinapotosha, maana nusu mita upande huu wa ukuta ni chumba 316 na nusu mita upande ule ni 318. Mlinzi anayekimbia hahitaji kujua kama mhudumu yuko karibu na kabati au dirisha. Anataka mlango mmoja. Mfumo ukikosea kwa mita nne ndani ya ukumbi wa mikutano, hakuna anayeumia. Ukikosea kwa mita tatu kwenda juu, mlinzi amefika ghorofa isiyo yake, na kushuka tena, kugonga na kuuliza kunakula dakika ambazo aliyeko ndani hana.

Swali la kwanza kwa kila muuzaji liwe hili: tukibonyeza mara mia, katika vyumba tunavyovichagua sisi, ni mara ngapi mfumo utataja mlango sahihi kwenye ghorofa sahihi? Nitaongeza mengine matatu. Ujumbe unachukua sekunde ngapi kufika? Umeme au intaneti ikikatika inakuwaje? Na wakati mfanyakazi hajabonyeza chochote, mfumo unajua nini juu yake? Hilo la mwisho halimo kabisa kwenye karatasi nyingi za mauzo, nami nalipa uzito sawa na la kwanza.

Vinavyoonekana vya bei rahisi

Hoteli nyingi huanza na kilichopo tayari, kwa hiyo tuvipitie haraka. Filimbi na vidude vya kupiga kelele vinamtaarifu aliye karibu, kama yupo. Koridoni kukiwa na ukuta nene, kiyoyozi na muziki wa bwawani, hakuna anayejua kelele imetokea wapi. Redio za mkononi zinamtaka mhudumu abonyeze, aongee na ataje namba ya chumba mbele ya mtu anayemtishia. Simu yake binafsi, hata ikiwekewa programu, inahitaji kufunguliwa na kuwa na chaji, na hoteli nyingi zinakataza simu wakati wa zamu.

GPS nayo iondolewe mapema kwa kazi ya ndani. Mawimbi yake yanatoka kwenye setilaiti zilizo umbali wa kilomita 20,000 hivi kwenda juu, yanafika ardhini yakiwa dhaifu mno, na sakafu moja ya zege inatosha kuyazima. Hata yakipenya dirishani hayatenganishi ghorofa kwa uhakika. Itafaa tu kwenye bustani, ufukweni na njia za kwenda kwenye banda.

Vitasa vya kadi vinastahili neno moja. Mameneja husema, "Tunajua amefungua mlango gani mwisho." Kweli, kama vitasa vyao vimeunganishwa na mtandao. Vitasa vingi vinaweka kumbukumbu ndani ya kitasa chenyewe na lazima mtu aende kwenye kila kitasa kuisoma. Hata vile vya mtandao havijui kama mhudumu ametoka chumbani, kwa sababu kutoka hakuhitaji kadi.

Wi-Fi iliyopo, dhidi ya Bluetooth ya kufunga upya

Hapa ndipo mvutano mkubwa ulipo kwenye hoteli za kawaida, na meneja wa fedha huwa upande wa Wi-Fi. Mtandao upo, umelipiwa, kwa nini tununue mwingine?

Mfumo wa Wi-Fi hupima nguvu ya mawimbi ya kitufe kama yanavyopokelewa na vituo vya Wi-Fi vilivyo karibu, kisha hukisia mahali. Tatizo ni kwamba vituo hivyo vilifungwa ili mgeni apate intaneti. Vimewekwa koridoni, kimoja kwa vyumba kadhaa, vikiwa vimepangwa kwenye mstari mmoja. Kwa mpangilio huo, kosa la mita tano mpaka kumi na tano ni la kawaida, yaani mlango mmoja hadi minne kila upande. Jengo lenye ua wa wazi katikati lina shida zaidi: mawimbi yanapanda kwenye ua bila kizuizi, na kituo cha ghorofa ya tatu kinamsikia mhudumu wa ghorofa ya pili vizuri kuliko kituo chake mwenyewe. Kuna njia bora, kiwango cha 802.11mc, kinachopima muda ambao mawimbi yanatumia kwenda na kurudi na kinachoweza kushuka hadi mita moja au mbili. Lakini vituo lazima vikiunge mkono kiwango hicho, na vingi vilivyofungwa miaka iliyopita havikiungi. Hapo hoja ya "tayari tunayo" inakufa, maana utanunua vituo upya.

Kuna na suala la betri. Kitufe cha Wi-Fi kinakula umeme kiasi cha kuhitaji kuchajiwa mara kwa mara, na kila kitu kinachohitaji kuchajiwa kwenye chumba cha sare kuna siku kitasahauliwa.

Bluetooth ya matumizi madogo ya umeme, iliyokuja na toleo la 4.0 mwaka 2010, inakwenda kwa njia nyingine. Kila chumba kinafungwa kifaa kidogo kama kifuniko cha chupa, tuite bikoni, kinachorusha namba yake mara kwa mara. Betri yake inaweza kudumu miaka kadhaa. Kila chumba kikiwa na yake, mfumo hauhitaji kukokotoa umbali. Unauliza tu ni bikoni ipi inayosikika kwa nguvu kuliko zote. Swali hilo ni rahisi kulijibu, na ndiyo sababu Bluetooth ya chumba kwa chumba inaishinda Wi-Fi kwenye kutaja mlango, ingawa zote mbili zinatumia mawimbi ya gigahezi 2.4.

Ushindi huo unategemea fundi. Vyumba vya hoteli hujengwa kwa jozi, kimoja kikiwa picha ya kioo ya mwenzake: vitanda vinapeana mgongo kwenye ukuta mmoja, mabafu yanapeana mgongo kwenye ukuta wa upande wa pili. Fundi akibandika bikoni zote nyuma ya kitanda, bikoni ya 316 na ya 318 zitakuwa zimetenganishwa na ukuta tu, na mfumo utazichanganya kila siku. Mahali pake ni darini, katikati ya chumba, mbali na friji, televisheni na kioo kikubwa. Bafu linalofungwa kwa mlango mzito na vigae ukuta mzima liwe na bikoni yake, kwa sababu ndipo mtu anapoteleza na ndipo anapokimbilia kujifungia. Mwili wa binadamu pia unameza mawimbi haya. Kitufe kilichofungwa kiunoni kinasikia tofauti mhudumu akigeuka. Muuzaji asiyeuliza ramani ya vyumba kabla ya kutaja bei hajafika kwenye kazi yenyewe.

Toleo la 5.1 la mwaka 2019 liliongeza uwezo wa kupima pembe ambayo mawimbi yanatokea, na kwa vipokezi vyenye antena nyingi kosa linashuka chini ya mita moja. Vipokezi hivyo ni ghali na vinahitaji waya. Kwa vyumba vya kulala sioni haja.

Nani anasikiliza na nani anasema

Mifumo miwili inaweza kuitwa "Bluetooth" kwenye karatasi ya bei na ikawa tofauti kabisa kwa mfanyakazi. Katika wa kwanza, bikoni za vyumbani ndizo zinazosema na kitufe kinasikiliza. Kitufe kinajua kiko wapi, na kinanyamaza. Siku kikibonyezwa, ndipo kinatuma ujumbe wenye namba ya bikoni kinayoisikia. Katika wa pili, kitufe ndicho kinachosema muda wote, na vipokezi vilivyofungwa kwenye jengo vinasikiliza. Seva ina njia nzima aliyopita kila mhudumu, dakika kwa dakika, amekaa wapi, kwa muda gani.

Mfumo wa pili unavutia uongozi, kwa kuwa unaleta ripoti nzuri za muda wa kusafisha kila chumba. Hapo ndipo usalama unapogeuka usimamizi. Mhudumu anayejua kwamba supavaiza anahesabu dakika zake za chooni ataacha kitufe kwenye toroli, na kitufe kilichoachwa kwenye toroli hakimlindi mtu. Nimeona karatasi za mauzo zinazotaja "ufanisi wa kazi" kabla ya kutaja usalama. Ningekuwa katibu wa tawi ningezirudisha.

Vipokezi vya kudumu si vibaya vyenyewe. Kitufe kinaweza kutengenezwa kibaki kimya hadi kibonyezwe ndipo kianze kusema, na vipokezi vikakisikia. Ukienda njia hiyo, sharti hilo liandikwe kwenye mkataba na lipimwe: fundi wa IT wa hoteli anaweza kutumia programu ya bure ya simu inayoonyesha vifaa vya Bluetooth vilivyo karibu, akaona kama kitufe kinarusha chochote kikiwa kimetulia. Baada ya kubonyezwa, hata hivyo, kinapaswa kuendelea kutaja mahali kila baada ya sekunde chache, kwa sababu mhudumu anaweza kutoka mbio kwenye korido.

Sheria ipo upande wa mfanyakazi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Taarifa za mahali alipo mfanyakazi ni taarifa binafsi, kwa hiyo hoteli lazima iwe na sababu ya kuzikusanya, izitumie kwa sababu hiyo tu, na isizitunze kupita haja. Mfumo usiokusanya chochote kabla ya kubonyezwa unaipunguzia hoteli mzigo huo karibu wote.

Infraredi, na UWB

Ukitaka uhakika wa chumba peke yake, mwanga unaishinda redio. Miale ya infraredi haipenyi ukuta, kwa hiyo kifaa cha 314 hakiwezi kusikika 316 hata kidogo. Wazo ni la zamani: maabara ya Olivetti mjini Cambridge, Uingereza, ilitengeneza beji za infraredi za kutambua mtu yuko chumba gani kati ya 1989 na 1992, na hospitali bado zinatumia mifumo ya ukoo huo. Lakini mwanga unataka njia wazi. Nesi anavaa beji kifuani, nje ya nguo, siku nzima. Mhudumu wa vyumba anainama chini ya kitanda, anabeba rundo la mashuka kifuani, na akianguka anaweza kulalia beji yake mwenyewe. Kifaa kinachoshindwa kuona wakati aliyekivaa amekandamizwa chini kina kasoro mahali pabaya kabisa. Kuna mifumo ya mawimbi ya sauti isiyosikika na binadamu, ambayo pia inaishia ukutani na inavumilia nguo kuliko mwanga, ila wauzaji wake ni wachache na vifaa vyake ni ghali. Baadhi ya wauzaji wanachanganya infraredi na Bluetooth. Huo ni mchanganyiko wa maana kama bajeti inaruhusu.

UWB, mawimbi ya bendi pana sana, ndiyo inayosifiwa zaidi. Inapima muda wa safari ya mawimbi kwa usahihi mkubwa hivi kwamba kosa ni sentimita 10 hadi 30 tu, na tangu 2019 imeingia hata kwenye simu za bei ya juu. Usahihi huo unahitaji vituo vyake vyenyewe, kadhaa kwa kila eneo, na kwa kawaida kila kituo na waya wake wa umeme. Kuvuta waya kwenye kila chumba cha hoteli inayofanya kazi ni kufunga vyumba hivyo kwa muda na kutoboa kuta zilizopakwa rangi. Kwa kiwanda chenye forklifti na watu kwenye sakafu moja, sawa. Kwa hoteli, unalipia sentimita ambazo mlinzi hatazitumia.

LoRa kwa hoteli zilizotawanyika

Ghorofa moja ya mjini na hoteli ya ufukweni Diani au Kiwengwa ni mahitaji mawili tofauti. Ya ufukweni ina banda thelathini ndani ya bustani, spa upande mmoja, jengo la dobi upande mwingine, na Wi-Fi inayokatika katikati ya minazi. Ujumbe wa kitufe unaweza kujua chumba vizuri na bado ukakosa njia ya kutoka.

LoRa, redio ya kutuma ujumbe mfupi mbali kwa umeme kidogo, inatatua safari hiyo. Inatumia masafa ya chini ya gigahezi moja, yanayopenya kuta na majani kuliko gigahezi 2.4, na mahali pa wazi inafika kilomita kadhaa. Getwei, yaani vifaa vya kupokea ujumbe na kuupitisha, moja au mbili zilizowekwa juu ya paa la jengo kuu zinaweza kuhudumia eneo zima la hoteli. Data inayobeba ni kidogo sana, lakini ujumbe wetu ni mfupi: kitufe 27, bikoni ya banda 12. LoRa yenyewe haiwezi kutaja chumba. Ikipewa kazi ya kukadiria mahali peke yake hukosea kwa makumi ya mita au zaidi. Ndoa inayofaa ni bikoni za Bluetooth ndani ya kila banda na LoRa kubeba habari, pamoja na GPS ndani ya kitufe kwa njia za nje.

LoRa ina udhaifu wake. Ujumbe wa LoRa unaweza kupotea hewani, na kwa vifaa vya betri majibu kutoka getwei hayaji papo hapo kila mara. Kwa hiyo usikubali kitufe kisichothibitisha. Kikibonyezwa, kirudie kutuma hadi kijibiwe, na kikijibiwa kitetemeke kimya kimya mkononi mwa aliyekibonyeza, ajue kuna mtu anakuja. Mwanga mkali au mlio vinaweza kumchokoza anayemshambulia.

Kuta zetu

Mji Mkongwe wa Zanzibar una nyumba za mawe ya matumbawe na chokaa, kuta zake nene kufikia nusu mita na zaidi, na vyumba vyembamba kwa sababu upana wake uliamuliwa na urefu wa boriti za mikoko. Hoteli nyingi ndogo zimo ndani ya nyumba hizo. Wafunga Wi-Fi wanazilalamikia, lakini kwa kazi hii ukuta huo ni msaada: bikoni ya chumba jirani inafika imechoka, na mfumo wa Bluetooth unataja mlango bila kusita. Kinachoumia ni njia ya kutoka, kwa hiyo vipokezi viwe vingi zaidi ya ramani ya muuzaji, na ule ua wa katikati upimwe ghorofa kwa ghorofa. Mji huo ni urithi wa dunia tangu 2000, na kutoboa kuta za zamani ni jambo la kuepuka. Bikoni za betri zinazobandikwa hazihitaji kutoboa.

Ghorofa mpya za Dar es Salaam na Nairobi zina sakafu za zege zinazotenganisha ghorofa vizuri, lakini vyumba vingi vimegawanywa kwa bodi nyepesi ambazo mawimbi yanapita kana kwamba hazipo. Huko ndiko bikoni ya darini katikati ya chumba inakuwa lazima. Banda za makuti hazizuii chochote, ila umbali kati yao unafanya kazi hiyo.

Hewa ya chumvi ni adui wa wote. Vifaa vya nje viwe vimefungwa dhidi ya maji na vumbi, na skrubu zisiwe za kushika kutu.

Umeme ukikatika

Hapa mifumo iliyobuniwa ng'ambo huanguka. Umeme unakatika, jenereta inachukua sekunde kadhaa kuwaka, na swichi na ruta za mtandao zinachukua dakika kadhaa kuamka. Katika muda huo korido ni giza, ndio wakati ambao kitufe kinahitajika zaidi. Bikoni za betri hazijali. Getwei, swichi na seva zinajali, kwa hiyo ziwe kwenye UPS, betri ya akiba inayoshika papo hapo, na si zile za ofisi ya uhasibu tu. Hata swichi ndogo ya ghorofani inayolisha vipokezi iwe nayo.

Intaneti nayo. Mifumo mingi inapeleka ujumbe kwenye seva za mbali kabla ya kuurudisha kwenye simu ya mlinzi aliye mita thelathini kutoka kwa mhudumu. Siku waya wa baharini ukiharibika, kama ilivyotokea Mei 2024 kwa Afrika Mashariki, mfumo huo unakuwa pambo. Dai seva iliyo ndani ya hoteli kwa ajili ya ujumbe wa dharura, hata kama ripoti zinakwenda mbali. LoRa yenye getwei na seva ya ndani inapata alama za juu kuliko zote kwa hili. Wi-Fi inapata za chini kwa sababu vituo vyake vingi ndivyo vinavyozimika.

Ningechagua nini

Kwa nyumba ya wageni ya vyumba kumi na tano Mji Mkongwe au Lamu: bikoni za Bluetooth chumba kwa chumba, kipokezi kimoja au viwili kila ghorofa, vitufe vinavyonyamaza hadi vibonyezwe. Bikoni moja ni ya dola chache, na fundi mwelewa anamaliza kazi bila kufunga hoteli.

Kwa ghorofa ya mjini ya vyumba mia na zaidi: Bluetooth tena, ujumbe ukipita kwenye mtandao wa ndani uliotengwa na ule wa wageni. Ukiwa unabadilisha vituo vya Wi-Fi mwaka huu, nunua vyenye kipokezi cha Bluetooth ndani yake. Vipo, na vinaokoa waya. Wi-Fi peke yake ningeikataa hata ikija bure.

Kwa hoteli ya ufukweni iliyotawanyika au kambi ya mbugani: Bluetooth ndani, GPS nje, LoRa kubeba.

UWB na infraredi ningezifikiria kwa jengo linalojengwa sasa, ambapo waya unapita kabla ya plasta, na mwenye mali ana pesa.

Kifaa chochote cha redio kinachoingizwa kiwe na idhini ya TCRA ya Tanzania au ya Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, hasa vya LoRa na UWB, maana vingine vimetengenezwa kwa masafa ya nchi nyingine. Omba cheti kabla ya kulipa amana.

Mkataba uende mbali kuliko vifaa. Sheria ya Chicago inamruhusu mhudumu aache kazi na kuondoka eneo la hatari, inamtaka mwajiri amhamishe mbali na mgeni huyo kwa muda wote wa ukaaji wake, na inakataza kulipiza kisasi. Ya New Jersey inataka wageni wajulishwe kwamba wafanyakazi wana vitufe, na hoteli itunze kwa miaka mitano majina ya wageni waliotuhumiwa. Vipengele hivi havihitaji teknolojia yoyote, na hoteli ya Mombasa inaweza kuviandika kwenye sera yake wiki hii. Iandikwe pia ni nani anayekimbia usiku wa manane mlinzi akiwa mmoja tu, na nani anabaki getini.

Kabla ya malipo ya mwisho, fanyeni jaribio bila muuzaji kuchagua vyumba. Wahudumu wenyewe wabonyeze, kitufe kikiwa mfukoni, chini ya aproni, bafuni mlango umefungwa, ngazini, ndani ya lifti, dobi, stoo ya mashuka. Rudieni hoteli ikiwa imejaa watu, kisha zimeni swichi kuu ya umeme na mrudie tena, na mchomoe waya wa intaneti. Andikeni kila mbonyezo: mlango uliotajwa, mlango halisi, sekunde. Chumba kilichokosewa kirekebishwe na kupimwa upya, na mwakilishi wa wahudumu asaini karatasi hiyo pamoja na meneja ndipo hundi itoke. Betri za bikoni ziwe na jina la mtu anayezibadilisha na mwezi wa kuzibadilisha, na mfumo utoe taarifa bikoni inaponyamaza, kwa sababu bikoni iliyokufa kwenye 314 itamfanya mhudumu wa 314 aonekane yuko 316.